Masta ya wimbo ni kihamba, haiuzwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nieleze kwanini wapigaji wa jazz wa huku Moshi na Arusha wanahitaji lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, iliyo yao wenyewe. Barua yangu ni ndefu, najua, na kama lazima mkate basi kateni huku mwanzo kwenye salamu ila kule kati msiguse, manake ndiko yalipo mambo niliyokaa nayo moyoni miaka mingi.

Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba jazz ni muziki wa wageni wa hotelini, kwamba watalii wanashuka mlimani wanakaa bustanini na bia zao na vijana wawili wanawapigia pole pole pembeni, na kwamba huku kaskazini ukiulizwa utaje msanii wa jazz utabaki unaangalia juu. Sina ugomvi naye kabisa. Mi ni fundi redio hapa Majengo, Moshi, na napiga tromboni tangu nina miaka 13, nikaikata ile barua nikaibandika ukutani kwenye banda langu, nikawa naisoma kila nikiinua kichwa kwenye waya ninazochomelea. Nikajiuliza, inakuaje mtu anayependa muziki, tena anaandika vizuri hivo, aishi nchi hii aamini kwamba sie hatupo? Nikapata jibu moja tu. Hajawahi kutusikia. Na hajatusikia kwa sababu hakuna kilichorekodiwa kikabaki. Wapigaji wapo, lebo ndo haipo.

Nianze na hao wapigaji. Kaa pale kipilefti cha Mnara wa Saa Jumamosi yoyote ya Desemba, watu wamerudi nyumbani kutoka Dar na kila mahali, harusi kila kona. Itapita pikapu, nyuma wamesimama vijana sita saba, tarumbeta, tromboni, lile besi kubwa la kuvaa begani, dramu, wanazunguka mara tatu na bibi harusi anapunga mkono kwenye gari la mbele. Watu wanasema tu "matarumbeta hayo" wanaendelea na shughuli zao. Lakini sikiliza vizuri yule wa tarumbeta ya kwanza. Mzunguko wa kwanza anapiga wimbo kama ulivyo kitabuni, wa pili anaanza kupita pembeni ya wimbo, anauacha, anautafuta, wa tatu unadhani amepotea kabisa kumbe anarudi na mwenzake wa tromboni anamsubiri palepale mlangoni. Hiyo ni nini kama sio jazz? Hakuna aliyemwambia jina lake tu.

Na hao vijana hawakudondoka kutoka hewani. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na matarumbeta yakaja na Ulutheri, mpaka leo kwetu Machame mazishi bila matarumbeta watu wanaona kama marehemu hajaagwa. Mimi nota nilifundishwa na mzee wa usharika, kwenye benchi nje ya kanisa, yeye anagonga kijiti kwenye kiti sie tunahesabu. Huko New Orleans, Marekani, ambako watu wanasema jazz ndiko ilikozaliwa, mambo yalikuwa hayohayo, bendi za matarumbeta za kusindikiza maiti, kwenda makaburini wanapiga taratibu kwa huzuni, kurudi wanachangamsha watu wanacheza barabarani. Nilipoisoma hiyo mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje kupumua. Nilikuwa naisoma habari ya kwetu.

Halafu kuna mama mmoja Pasua anapiga kinanda ibada ya pili, mkono wake wa kushoto ukiusikia utakaa mpaka baada ya sadaka. Kuna kijana wa saksafoni Arusha, Ngarenaro, alijifunzia kwenye bendi ya jeshi. Kuna mzee wa gitaa anakaa Unga Limited ambaye alipiga dansi Tanga enzi hizo, vidole vimeanza kukakamaa ila ukimpa kiti na kikombe cha chai atakupigia rumba moja mpaka jirani azime redio. Ninaweza kukutajia watu kumi na wanne kati ya Himo na Monduli wanaopiga muziki huu kwa kiwango cha kutoa santuri. Kumi na wanne, nimewahesabu. Kati yao, kabla hatujaanza kazi nitakayoieleza huko chini, mwenye hata wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri na ambao mwenyewe ndiye anaumiliki hakuwepo hata mmoja.

Sasa nieleze kwanini linaniuma.

Mwaka 2011 tulikuwa watano, tukajichanga laki sita, tukaenda studio moja Arusha, sitaitaja. Tulirekodi nyimbo nne siku mbili. Mwenzetu wa tarumbeta, rafiki yangu tangu darasa la tano, alipiga siku ile kuliko siku zote nilizomsikia, kuna mahali kwenye wimbo wa tatu alishikilia sauti moja mpaka sie wengine tukanyamaza bila kupanga, dramu ikanyamaza, besi ikanyamaza, akabaki peke yake, na prodyuza nyuma ya kioo alisimama. Tulitoka pale hatusemezani kwa furaha. Tukapewa sidii moja ya kusikilizia. Hatukusaini kitu, hatukuuliza masta itakaa wapi, yaani ile rekodi mama ambayo nakala zote zinatoka humo. Hatukujua kama inaulizwa. Yule mwenye studio baadaye akafunga akahama mkoa, simu haipatikani, tukaambiwa hard disk iliharibika.

Haikuharibika yote. Miaka mitatu baadaye nilikuwa natengeneza tivii ya mteja, nimeiwasha kuijaribu, likapita tangazo la safari za mbugani, twiga anatembea, na nyuma yake nasikia tromboni yangu. Wimbo wa pili. Nilikaa chini. Hela ya lile tangazo sijui nani alilipwa, sisi hatukuona hata senti na sitaki kumlaumu mwenye tangazo, inawezekana kabisa yeye alilipa mtu akiamini ni mwenye mali.

Rafiki yangu wa tarumbeta alifariki 2019. Mke wake alinipigia usiku wa kuamkia mazishi, akaniambia shemeji, nataka waombolezaji wamsikie yeye mwenyewe akipiga, sio bendi impigie. Ile sidii ilikuwa imeshakwaruzika haisomi. Tulichokuwa nacho ni dakika moja na nusu ya simu, mtu alimrekodi kwenye send-off ya binti wa watu, sahani zinagongana na MC anaongea juu yake. Ndo tuliyoipiga makaburini. Mtu amepiga tarumbeta miaka 34, kilichobaki ni dakika moja na nusu na sahani.

Mhariri, hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma habari za lebo. Sio biashara iliyonisukuma.

Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba sisi huku tuliwahi kuwa na bahati ikatupita. Mwaka 1970 ndugu wa akina Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga ambako walikuwa wanapiga na Jamhuri Jazz, wakaja Arusha, na ndugu yao William wakaanzisha bendi ikaitwa Arusha Jazz. Arusha Jazz! Vijana wa Arusha leo ukiwaambia wanadhani unatania. Mwaka uliofuata tu, 1971, wakavuka mpaka kwenda Kenya na huko ndiko wakawa Simba Wanyika, ambayo kila mtu mzima Afrika Mashariki anaijua, na kutoka kwenye mbavu za Simba Wanyika ikaja kuzaliwa Les Wanyika 1978. Walifuata nini Kenya? Mi naamini walifuata kampuni za santuri. Nairobi ndiko kulikuwa na studio za kampuni na mitambo ya kuchapa santuri, sisi huku bendi ilikuwa inarekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kanda inakaa redioni, inapigwa hewani, nchi nzima inaimba, na bendi inarudi nyumbani na sifa. Sio kwamba redio ilikosea, bila zile kanda za RTD leo tusingekuwa na kumbukumbu ya karibu bendi zote za wakati ule na mimi nawashukuru walioziweka. Nachosema ni kwamba mpigaji mwenyewe hakubaki na kitu mkononi.

(Najua kuna atakayesema Arusha Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz ya tangu 1932, hizo zote jazz ni jina tu, zilikuwa zinapiga rumba, chacha na twist. Ni kweli. Neno lilikuwa na maana ya bendi ya kisasa yenye gitaa na upulizaji. Lakini wazee wetu walilichagua neno hilo wenyewe, miaka hiyo, na mi sioni kwanini tulirudishe kwa mgeni wa hotelini.)

Na wenye jazz yao nao walikuwa wanatuangalia sisi. Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn, mwaka 1960 alirekodi kazi nzima akaiita Uhuru Afrika, shairi la mwanzo limetungwa na Langston Hughes na aliyelisoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika mwenzetu, Tuntemeke Sanga. Sisi bado hatujapata hata uhuru wenyewe! Mpiga piano mwingine wa Marekani, Herbie Hancock, mwanzoni mwa miaka ya 70 alijiita Mwandishi, na wenzake kwenye bendi wakachukua majina ya Kiswahili, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye ni daktari kweli kwa kusomea, akawa Mganga. Watu walivuka bahari kutafuta maneno yetu ya kuvaa.

Ila lebo niliyotaka kuifikia hasa ni Strata-East, na hapa naomba uvumilivu manake ndo kiini.

Mwaka 1971 New York kulikuwa na wapigaji wawili, Charles Tolliver wa tarumbeta na Stanley Cowell wa piano. Walikuwa wamesharekodi kazi kubwa, bendi nzima ya upulizaji, na masta wanayo mkononi, lakini kwenye kampuni hawakupata wa kuichukua. Badala ya kusubiri wakaitoa wenyewe, na wakaanzisha lebo, ndiyo hiyo Strata-East. Mpaka hapo ni hadithi ya kawaida. Kisicho cha kawaida ni masharti waliyoweka. Msanii anakuja na masta yake aliyorekodi kwa hela yake au hela aliyotafuta mwenyewe, lebo inasaidia kuchapa, kava, kupeleka madukani, inachukua fungu lake dogo, na masta inabaki ya msanii. Haikuwa na bosi anayemiliki nyimbo za watu. Wenyewe waliifananisha na jengo la maghorofa ambalo kila mpangaji ananunua nyumba yake ndani, lift na paa ni vya wote.

Na angalia waliokuja kukaa kwenye hilo jengo. Clifford Jordan na saksafoni yake. Pharoah Sanders. Billy Harper. Cecil McBee wa besi alitoa santuri 1974 akaiita Mutima, neno ambalo sie Wabantu hatuhitaji kutafsiriwa, ni mtima, moyo. James Mtume alikuja na kundi lake la Mtume Umoja Ensemble, jina karibu lote letu. Gil Scott-Heron na Brian Jackson wakatoa kazi yao 1974 ikauza kuliko wengi walivyotegemea, baadaye wakahamia kampuni kubwa ya Arista na hakuna aliyewafunga kamba. Lebo ile ilitoa santuri zaidi ya hamsini kabla miaka ya 70 haijaisha. Cowell alifariki Desemba 2020, na zile santuri mpaka leo zinachapwa upya.

Sasa linganisha na Blue Note, lebo nyingine ya jazz ya New York, ambayo naipenda sana, msinielewe vibaya. Ilianza 1939, Alfred Lion, kijana wa Kijerumani aliyetoka Berlin, halafu akaja rafiki yake Francis Wolff aliyekimbia utawala wa Hitler, hela kidogo, mapenzi makubwa. Walikuwa wanawalipa wapigaji hata siku za mazoezi, kitu ambacho kampuni nyingi hazikufanya, na ndo maana kazi zao zinasikika zimekaa. Mpiga piano Thelonious Monk walianza kumrekodi kama kiongozi wa bendi 1947, santuri zake zikawa haziuzi, wao wakaendelea kumrekodi. Na kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni mahali walipokuwa wanarekodia. Fundi wao, Rudy Van Gelder, kazi yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho na miwani, jioni anarekodi bendi sebuleni kwa wazazi wake, Hackensack, New Jersey. Sebuleni! Mpaka 1959 ndo akahamia studio yake mwenyewe. Zile sauti ambazo dunia nzima inaziita kipimo cha jazz nyingi zilitoka kwenye sebule ya wazee, makochi yamesogezwa. Mi ni fundi redio, mniruhusu nifurahi hapo.

Lakini mwaka 1965 Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty, na masta zote zikaenda nayo. Art Blakey, Horace Silver, Lee Morgan, kazi zao zilibadilisha mwenye nyumba bila wao kuulizwa. Lion hakuwa mtu mbaya, alichoka, moyo ulikuwa unamsumbua. Tatizo halikuwa tabia ya mtu, lilikuwa ni hati imeandikwa jina la nani.

Afrika pia wapo waliojaribu. Addis Ababa, Amha Eshete mwaka 1969 alianzisha Amha Records wakati serikali imetoa haki ya kutoa santuri kwa taasisi moja tu, akaingia hivohivo, ya kwanza ikaenda kuchapwa India, akina Mulatu Astatke na Mahmoud Ahmed wakapita mikononi kwake mpaka mambo ya mapinduzi yalipomlazimisha kuacha 1975. Johannesburg, Rashid Vally alikuwa na duka la santuri tu, akaanzisha lebo ya As-Shams, na 1974 katikati ya ubaguzi wa rangi akaitoa santuri ya Mannenberg ya mpiga piano Abdullah Ibrahim. Duka la santuri. Mwenye banda la redio Majengo akisoma hayo hawezi kulala.

Sasa nakuja nyumbani. Sisi watu wa Kilimanjaro jambo hili tunalijua tangu zamani, ila tulilijulia kwenye kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao, Joseph Merinyo akiongoza, wakati walowezi wa Kizungu hawataki kabisa kusikia Mwafrika analima kahawa, na 1933 ikazaliwa KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya kahawa vya Kilimanjaro. Bibi yangu hakujua kusoma lakini alijua kilo zake, alijua daraja la kahawa yake, alijua malipo ya kwanza na malipo ya pili. Chuo Kikuu cha Ushirika kipo hapahapa Moshi, unaweza kwenda kwa miguu. Na kuna kitu bibi alikuwa anatuambia tukiwa tumekaa tunachambua: utauza kahawa, utauza ndizi, utauza maziwa, hata ng'ombe utauza ada ikibana, lakini kihamba, yaani lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakiuzwi, manake kihamba ndicho kinachozaa hivo vyote na ndimo walimolala wazee.

Masta ya wimbo ni kihamba. Toa ruhusa wimbo upigwe redioni, uza nakala, kodisha kwa tangazo la twiga, hayo yote ni ndizi na maziwa. Ila masta usiuze, na usiiache kwa mtu bila maandishi, ni sawa na kumwachia mgeni kihamba ukaenda mjini ukategemea ukirudi miaka ishirini baadaye atakukabidhi.

Kwa hiyo tumeanza. Tuko tisa, Moshi sita na Arusha watatu, na yule mke wa marehemu ni mmoja wetu, ndiye mtunza hazina na hesabu zake zimenyooka. Kila mwezi elfu kumi. Jina la lebo bado tunabishana na sitaki kulitaja kabla halijasajiliwa. Tunarekodi kwenye ukumbi mdogo wa usharika siku za Jumatatu, mablanketi ukutani, maikrofoni nne ambazo mbili nimezifufua mwenyewe. Kabla hata ya kuwasha mashine tunaandika karatasi: nani ametunga, nani amepiga nini, kila mtu fungu lake asilimia ngapi, watu wote wanasaini, na bado kuna watu wazima wanaona aibu kuandikishana na rafiki zao, nawaambia mi niliona aibu 2011 na mnajua kilichotokea. Faili zinakaa sehemu tatu, moja kwangu, moja Arusha, moja kwa katibu wa usharika kwenye kabati la chuma. Kila wimbo unapata ile namba yake ya ISRC ya herufi na tarakimu 12 ambayo ndo inaufuata wimbo popote duniani unapopigwa mtandaoni ili hela ijue pa kwenda, na tunasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Masta ya mpigaji. Lebo inabaki na fungu dogo la kuendeshea na tukishindwa kazi mpigaji anachukua kihamba chake anaondoka.

Mpaka sasa tumekamilisha kazi mbili. Ya kwanza ni ya mama wa kinanda, nyimbo saba, tatu ni tenzi alizozigeuza mpaka mchungaji wetu aliomba asikilize mara mbili kabla hajasema kitu, halafu akasema endeleeni. Ya pili ni ya mzee wa gitaa, hii tulikimbizana nayo kwa ajili ya vile vidole.

Hela tunayotegemea sio nyingi na sitawadanganya vijana. Kusikilizwa mtandaoni kunalipa kidogo sana kwa muziki wetu usio na mamilioni ya watu, na kuchapa santuri kunataka hela mbele wakati mauzo yanarudi baada ya miezi, hilo limezimaliza lebo nyingi kubwa kuliko sisi. Tunategemea zaidi kuuza mkononi, kwenye maonyesho, kwa watalii ndiyo, nao wana masikio na hela yao ni hela, na kwa ndugu walioko nje. Tukirudisha gharama za umeme na nauli ya Arusha mwaka wa kwanza mi nitashukuru.

Kutoka kwako Mhariri naomba mawili. Ukurasa wenu wa burudani kila Ijumaa una nafasi ya nani kaachana na nani. Naomba robo ya ukurasa mara moja kwa mwezi, mwandishi wenu aje Jumatatu ukumbini akae asikilize mpaka mwisho ndo aandike, na akiona hatujui kupiga aandike hivohivo.

La pili ni kwa wasomaji. Kama kuna mtu nyumbani, juu ya kabati au stoo, ana kaseti au kanda au santuri ya bendi yoyote iliyopiga Moshi au Arusha miaka ya 60, 70, 80, dansi, matarumbeta ya kanisa, bendi ya hoteli, chochote, na hasahasa kama kuna aliyebahatika kuwa na sauti ya Arusha Jazz kabla hawajavuka mpaka, asiitupe hata kama imeota ukungu. Kanda yenye ukungu inasafishika, nimesafisha nyingi. Tunanakili bure na kanda unarudi nayo mwenyewe siku hiyohiyo.

Na kama kuna mtu yeyote aliyekuwa kwenye send-off ile mwaka 2017, ukumbini Soweto, Moshi, aliyerekodi bendi kwa simu akiwa karibu na jukwaa, yule wa tarumbeta aliyevaa koti la bluu, nakuomba angalia kwenye simu yako ya zamani.

Mpiga tromboni na fundi redio,
Majengo, Moshi